Majani ya msindano kama matandazo: tazama yanavyoshika kwenye mteremko

Habari zenu, wapenzi wa bustani, karibuni tena! Leo viroba vimejaa hapa uani, na ndani ni majani makavu ya msindano, yale ya kahawia yanayodondoka chini ya miti huku kwetu Mafinga hadi ukipita unaona unakanyaga godoro. Faida za matandazo, yaani majani makavu na vitu kama hivyo vya kufunika udongo, kwa jumla sirudii, video ipo na wengi mmeitazama. Leo nataka muone kitu kimoja tu.

Sogea karibu, kamera ione. Hili ni jani moja. Kwa huu msindano wetu unaoitwa patula, uliotoka Meksiko, majani yanakaa matatumatatu, yameshikwa pamoja hapa kwenye kikonyo. Ni marefu, membamba. Sasa chukua konzi, bana kidogo, inua. Umeona? Limekuja fungu zima! Yameshikana yenyewe, hakuna aliyeyafunga.

Nina mabeseni mawili yenye udongo, nimeyainamisha kwenye tofali. Hili la kushoto lina maranda ya kiwandani, la kulia lina msindano. Keni ile ile, maji yale yale. Namwaga kushoto… tazama, maranda yanaelea, yanashuka, yamerundikana chini na juu udongo umebaki wazi. Maji yanayotoka ni tope. Sasa kulia. Namwaga… naongeza… bado yapo! Maji yanapenya katikati, yanatoka taratibu, na rangi yake mnaiona wenyewe. Jamani, kwa sisi wenye viwanja vya mteremko, mvua za Desemba zikianza kushuka, hii ni raha.

Maranda nayapenda kwenye njia ya kupitia, ila kitaluni hapana, na ukiyachanganya na udongo yanakula naitrojeni ya mimea. Pumba za mpunga nazo, upepo ukija zinahamia kwa jirani.

Wengi mmeniandikia, "Dada, msindano si unachachusha udongo?" Jani bichi lina asidi, ni kweli. Lakini likikauka na kuoza juu ya ardhi, vijidudu vya udongo vinaipunguza asidi hiyo, na udongo wa chini haubadiliki sana. Mbona chini ya misindano hakuoti kitu? Kivuli, mizizi inayogombania maji, na tabaka nene la majani. Marekani ya kusini, Georgia na Carolina, majani ya misindano yanafungwa marobota na kuuzwa kwa ajili ya bustani za nyumbani. Sisi tumeyazoea tu!

Bei? Hapa unalipa vijana waliokusanya na bodaboda ya kuleta. Kwa aliye Dar, nauli itakula faida yote, bora utumie majani makavu ya hapo hapo ulipo. Na usiingie na reki kwenye shamba la miti la watu au la serikali bila ruhusa.

Tandaza kimo cha sentimita 7 hivi, yatashuka yenyewe. Acha nafasi kuzunguka shina, hasa la parachichi, lisioze. Kwenye maua na stroberi, safi kabisa. Kwenye karoti ulizosia juzi, usiweke, mche mdogo hautoki humo.

Sasa hili nisikilizeni vizuri. Haya majani yanawaka haraka sana. Kiangazi cha huku, Juni hadi Novemba, mnajua moto unavyotusumbua. Usiyatandaze kugusa ukuta wa mbao, wala karibu na jiko la mkaa, wala pale mnapochomea taka. Mimi upande wa jikoni nimeweka kokoto, na nitaziacha hapo hapo.

Wiki ijayo tunapanda stroberi juu ya matandazo haya haya, kwa hiyo bonyeza kengele. Na walioko Njombe na Lushoto, andikeni hapo chini: mteremko wenu ukoje, na mvua inawachukulia udongo upande gani?