Pudini ya udongo kwa watoto: kastadi, chaina grasi au jeli ya pakiti?

Pudini ya udongo imetoka Marekani: bilauri ya pudini ya chokoleti, juu yake biskuti nyeusi zilizovunjwavunjwa mithili ya udongo, na pipi laini za umbo la mnyoo zikichungulia. Oreo, biskuti inayotumika zaidi kwa kazi hii, ilianza kuuzwa mwaka 1912, na pipi za minyoo zililetwa sokoni na kampuni ya Kijerumani ya Trolli mwaka 1981. Wamarekani huigandisha kwa pudini ya pakiti isiyopikwa. Katika maduka mengi ya kwetu bidhaa hiyo ni ya kuagizwa na bei yake si ya mchezo. Kinachopatikana karibu kila mtaa ni unga wa kastadi, chaina grasi na jeli ya pakiti, na hizo ndizo tunazopima hapa: ipi inaganda vizuri tabaka kwa tabaka, mikononi mwa watoto, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Tabaka zenyewe zinamfundisha mtoto ardhi ilivyo: chini mwamba wenye maji ya ardhini, katikati udongo, juu mboji.

Jibu kwa kifupi: nunua kastadi kwa tabaka za udongo na chaina grasi kwa maji ya ardhini. Jeli ya pakiti iache dukani.

Kastadi kwanza, maana ndiyo itakayojaza sehemu kubwa ya bilauri. Unga huu ulibuniwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1837 na Alfred Bird, ambaye mkewe hakuweza kula mayai. Kwa hiyo ndani ya kopo hakuna yai. Ni wanga wa mahindi, rangi, ladha na chumvi kidogo. Wanga unataka kuchemka. Ukiuepua mapema, pudini itabaki na ladha ya unga mbichi, kisha italegea ikipoa. Ikianza kutoa mapovu mazito, endelea kukoroga kwa dakika moja au mbili zaidi.

Kasoro yake kubwa iko kwenye maelekezo ya kopo. Vijiko viwili vya chakula kwa karibu nusu lita ya maziwa ni kipimo cha kastadi ya kumwagia keki au matunda. Kwa tabaka zinazotakiwa kusimama zenyewe, weka vijiko vitatu kwa nusu lita. Tabaka yenye kakao hupewa vijiko viwili na nusu tu, kwa kuwa kakao nayo ina wanga na huongeza uzito. Koroga unga kwanza kwenye maziwa baridi, kama robo kikombe, mpaka uwe uji laini, ndipo umimine kwenye maziwa ya moto. Ukitupia unga mkavu moja kwa moja kwenye maziwa yanayochemka, nje ya kila chembe hupikika papo hapo na kufungia unga mkavu ndani. Hayo ndiyo madonge, na mwiko hauyavunji. Chuja tu.

Kuna jambo jingine ambalo kopo halikwambii, na kwenye meza ya watoto ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Mtoto akilamba kijiko na kukirudisha kwenye sufuria ya kastadi iliyopoa, baada ya muda utakuta imekuwa majimaji, na utalaumu unga bure. Kila mtoto apewe kijiko chake cha kuonjea, na cha kupakulia kisiguse mdomo wa mtu.

Chaina grasi, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia Agar Agar, hutokana na mwani mwekundu. Wapishi wa faluda ya pwani wanaijua siku nyingi. Usichanganye na mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar: aina zake, spinosamu na kotoni, hutoa karajinani, kizito cha jamii nyingine kinachotumika kwenye aiskrimu na maziwa ya chokoleti. Kwa mtoto anayejifunza mazingira, hata hivyo, ni mlango mzuri wa kumweleza kwamba mmea wa baharini unaweza kugandisha kitu mezani.

Ubora wake kwa kazi hii uko kwenye joto. Huganda ikishuka karibu nyuzi 40 za selisiasi, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Maana yake inaganda mezani bila friji, hata Mombasa mwezi Februari, na unaweza kumwaga kastadi yenye joto juu yake bila kuiharibu. Jeli ya pakiti haifanyi hivyo. Ile ni jelatini, inayolainika na kuyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu. Bila friji haigandi, ikitoka friji inaanza kulegea watoto wakiwa bado wanapanga majani, na kastadi ya vuguvugu ikiigusa tu, tabaka mbili zinakuwa supu moja. Tena nanasi na papai ambayo hayajapikwa huizuia kabisa kuganda, kwa sababu vimeng'enya vyake hukatakata protini ya jelatini. Na jelatini hutoka kwa wanyama, ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo familia za Kiislamu zitafute alama ya halali kwenye pakiti. Pipi za minyoo nazo nyingi zina jelatini, zisomwe vilevile.

Ubaya wa chaina grasi ni kwamba haisamehi mpishi mwenye haraka. Ya nyuzi iloweke nusu saa, kisha ichemshe kwenye maji hadi usione hata uzi mmoja. Ya unga ikoroge kwenye kimiminika baridi, kisha chemsha dakika mbili tatu. Ikiachwa nusu kuyeyuka, utapata vipande vigumu ndani ya maji yasiyoganda. Ukwaju, ndimu na pasheni zikichemshwa pamoja nayo huidhoofisha, kwa hiyo juisi kali itiwe baada ya kuepua. Kati ya pakiti ya nyuzi na ya unga, kwa kazi ya watoto chukua ya unga. Kipimo chake ni rahisi na haina kuloweka.

Sasa bilauri zenyewe. Vipimo hivi ni vya bilauri sita za mililita 300.

Chini kabisa weka mwamba: karanga zilizokaangwa na kutwangwa kiasi, vijiko viwili vya chakula kila bilauri. Pepeta unga wake utoke, la sivyo maji yatakuwa meupe kama tui. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano karanga nzima ni hatari ya kupalia, na kama yupo asiyepatana na karanga kiafya, tumia nazi iliyokaushwa na kukaangwa. Juu yake mimina maji ya ardhini: mililita 250 za madafu kwa bilauri zote sita, nusu kijiko cha chai cha chaina grasi ya unga na kijiko kimoja cha sukari. Chemsha, acha yapoe kidogo ili bilauri isipasuke, kisha mtu mzima ndiye amimine. Madafu yatapenya katikati ya karanga na kuganda humo, na hapa pudini inasema kweli kuliko michoro mingi ya shule: maji ya ardhini hukaa kwenye vitobo na nyufa za mchanga na miamba, mara chache sana huwa ziwa lililojificha chini.

Yakishashika, weka udongo wa chini. Pika nusu lita ya maziwa na vijiko vitatu vya kastadi, epua, subiri dakika tano, kisha tia vijiko vinne vya sukari guru iliyoyeyushwa na kuchujwa. Ukichemsha guru pamoja na maziwa, maziwa yanaweza kukatika. Ukitaka wekundu wa udongo wa Kiambu au Moshi, ongeza kijiko kimoja au viwili vya juisi ya bitiruti. Mimina juu ya mgongo wa kijiko ili isichimbe shimo.

Tabaka hii ipoe kabisa kabla ya ile ya kakao, yaani nusu lita ya maziwa, vijiko viwili na nusu vya kastadi, viwili vya kakao na vinne vya sukari, vyote vikavu vikichekechwa pamoja kwanza. Wengi hukosea hapa kwa kukosa subira: kastadi mbili za moto zikikutana hazikai tabaka. Saa nzima mezani, au dakika 30 kwenye friji, inatosha. Usitumie friza, maana wanga ulioganda barafu huchuja maji ukiyeyuka. Kuzuia utando juu ya kastadi inayosubiri kwenye sufuria, ikoroge taratibu kila dakika chache. Ikishaganda usiikoroge tena, itakatika.

Mboji ya juu ni biskuti za chokoleti, gramu 120. Za krimu katikati zikwanguliwe krimu kwanza, kwa sababu mafuta yake hugeuza unga kuwa tope. Hii ndiyo kazi ya watoto wadogo: wazifunge kwenye kitambaa safi cha jikoni wapige kwa mchi. Kinu chenyewe husaga laini mno, wakati mboji inataka chenga kubwa na ndogo. Mfuko wa plastiki haufai, na si kwa sababu za jikoni tu: Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Kwa mantiki hiyohiyo, pudini ya kufundisha mazingira ndani ya vikombe vya plastiki vya kutupa ni kichekesho. Chupa tupu za jemu zinafaa, na tabaka zinaonekana vizuri zaidi.

Nyunyiza biskuti dakika kumi kabla ya kula. Baada ya saa moja zitakuwa zimenyonya unyevu na kulegea. Chomeka jani la mnanaa liwe mche. Minyoo inaweza kutoka kwenye chaina grasi ileile: kijiko kimoja cha chai cha unga kwa mililita 200 za maji yenye juisi ya bitiruti na sukari, mimina kwenye sahani bapa, ikate vipande vyembamba virefu ikiganda. Hainyumbuki kama pipi, hukatika ikivutwa, na mtoto aliyezoea pipi ataona tofauti. Minyoo ikae kwenye mboji na udongo wa juu. Ukimwona mtoto akisukuma mnyoo hadi kwenye karanga, mwulize mnyoo huo utakula nini kule kwenye mwamba.

Kastadi ya maziwa imalizwe siku hiyohiyo, au ilale kwenye friji kwa siku mbili bila biskuti juu. Anayepika bila maziwa atumie tui jepesi kwa kipimo kilekile cha kastadi. Linaganda sawa, ila asitarajie ladha ya maziwa, na tui zito litaacha mafuta juu.