rsync ya kuhamia Linux mpya: uzoefu wangu

Nimejaribu kuburuta folda kwa kipanya, kufunga kila kitu kwenye faili moja kubwa ya tar, hata kupitishia kwenye flashi. Siku hizi nikihama kompyuta natumia rsync tu, programu ya kukopi faili kwa amri, kwa sababu moja: kazi ikikatika katikati, narudia amri ileile. Inalinganisha ukubwa na tarehe za faili, inaruka zilizokwisha fika na kuendelea na zilizobaki. Kuburuta kwa kipanya kukikatika, unabaki kukisia nini kimefika na nini hakijafika.

Amri ninayoitumia, nikiwa kwenye mashine ya zamani (rsync iwepo pande zote mbili, na mpya iwe inapokea SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta; mimi ni jina la mtumiaji, na 192.168.1.20 ni anwani ya mashine mpya):

rsync -aHAX --partial --info=progress2 --exclude='/.cache/' /home/mimi/ mimi@192.168.1.20:/home/mimi/

Wengi huishia kwenye -a wakidhani imebeba kila kitu. Inabeba folda za ndani, ruhusa, tarehe na viungo, lakini faili moja yenye majina mawili itageuka faili mbili usipoweka H, na ruhusa na sifa za ziada za faili zinahitaji A na X. Sasa tazama mkwaju baada ya /home/mimi/ ya kwanza. Ukiusahau, utakuta /home/mimi/mimi kwenye mashine mpya. Ndiyo maana kwanza naongeza -nv: inaorodhesha itakachofanya bila kugusa kitu. Na --delete (hufuta kule kisichopo kwenye chanzo) siiweki kabisa siku ya kuhama. Diski ya chanzo ikiwa haijapachikwa (mount), rsync inaona folda tupu, nayo itafuta nakala yako kwa utiifu wote.

Kwa kebo ya mtandao ya gigabiti napata kama MB 110 kwa sekunde, yaani GB 500 za video kwa saa moja na robo hivi. Maelfu ya faili ndogondogo huchukua muda zaidi. Acha -z (ya kubana data njiani), kwani picha na video zimeshabanwa tayari. Utachosha prosesa bure. Kinachoniudhi ni ile asilimia: inapanda, kisha inarudi nyuma, maana rsync inaanza kukopi kabla haijamaliza kuhesabu faili. Ukiongeza --no-inc-recursive inahesabu zote kwanza.

Kama huna mtandao na unapitia diski ya nje, iwe na mfumo wa faili wa ext4. FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na exFAT haijui mmiliki wala ruhusa. Matokeo yake utayaona kwenye ~/.ssh (~ ni folda yako ya nyumbani): ufunguo wa siri unarudi ukiwa wazi kwa kila mtu, na ssh inaukataa mpaka uandike chmod 600, ili usomwe na wewe tu.

Kivinjari kifunge kabla ya kukopi, la sivyo hifadhidata zake zinakopiwa huku zikiandikwa. Kwa Firefox angalia pia mahali: kwenye Ubuntu tangu 22.04, ile ya snap (aina ya vifurushi vya programu) huweka wasifu ndani ya ~/snap/firefox/common/.mozilla, si ~/.mozilla. Ukikopi mahali pa zamani, Firefox inafunguka kama mgeni, bila alamisho hata moja.

Diski za data unazong'oa na kuzihamisha zenyewe zina mitego yao, na hapo rsync haikusaidii. Linux inamtambua mmiliki kwa namba. Mtumiaji wa kwanza kwa kawaida ni 1000. Kama kule ulikuwa 1001, ls -l itaonyesha 1001 badala ya jina na hutaweza kuandika. Dawa ni sudo chown -R mimi: /mnt/data, kwenye folda hiyo tu.

Usikopi /etc/fstab ya zamani, yaani orodha ya diski zinazopachikwa mashine ikiwaka. /dev/sdb1 ya kule inaweza kuwa /dev/sda1 huku. Chukua UUID (kitambulisho cha diski kisichobadilika hivyo) kwa lsblk -f, na uweke nofail:

UUID=... /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2

Bila nofail, diski isipokuwepo mashine inasubiri sekunde 90 kisha inakutupa kwenye hali ya dharura. Jaribu kwa sudo mount -a kabla ya kuwasha upya. Diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ikigoma kuandikwa, mara nyingi Windows haikuzimwa kikamilifu. Irudishe huko, uzime kwa shutdown /s /t 0.

Kabla ya kufuta diski ya zamani narudia amri ya juu ya rsync nikiongeza -nci (c inalinganisha yaliyomo, i inaonyesha tofauti). Hii inasoma faili zote pande zote mbili, kwa hiyo iachie usiku. Mstari unaoanza na <f+++ ni faili ambayo haijafika. <fc ni iliyofika ikiwa tofauti. Mistari hiyo ikiwepo, endesha tena amri ukiondoa n lakini c ibaki.