Fuso ya zamani haichaji: uchomoe taminali au upime na mita?

Mafundi wengi wa mtaani gari ikiwa inanguruma wanachomoa taminali ya betri, ikizima wanasema altaneta (kile kifaa kinachochaji betri) imekufa. Kwa petroli ya kizamani sawa kidogo, ila dizeli ya pampu (isiyo na kompyuta) haina plagi za cheche, inaweza kunguruma tu hata altaneta haichaji kitu, sasa hapo umejua nini? Afu unaweza ukaunguza dayodi za ndani ya altaneta bure.

Mi nashika mita ya volti. Injini imezimwa, betri mbili (mfumo wa volti 24) zisome 25 hivi, washa, ikifika 27.5 mpaka 28.5 inachaji, isipopanda anza na mkanda, fyuzi na waya wa athi, ndo ufungue altaneta ucheki kaboni (brashi za ndani), mara nyingi zimeisha tu.