Sanwa JLF kwenye paneli ya mbao: joistiki safi, kazi iko kwenye MDF

Nimefunga Sanwa JLF mbili kwenye paneli ya gemu niliyojitengenezea kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, na nimeshazichezea vya kutosha kuzisemea. Joistiki yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachoamua kama utaifurahia ni jinsi ulivyoiandalia mahali pa kukaa.

JLF ni ya Kijapani, na shafti yake ni fupi kwa sababu ilikusudiwa kufungwa chini ya bamba jembamba la chuma. Ukiibana moja kwa moja chini ya mbao ya 18, shafti inamezwa, na kile kirungu cha juu kinabaki chini mno, karibu na uso wa paneli. Utacheza kwa ncha za vidole tu. Kama huna ruta (mashine ya kuchonga mbao) wala hamu ya kuchimba, tafuta Happ Competition, zile za Kimarekani zenye mpini mrefu. Hizo zilitengenezewa paneli nene za mbao na hufungwa kwa bolti zinazoshuka kutoka juu bila matata. Mimi ni mtu wa JLF kwa wepesi wake, kwa hiyo nikachimba.

Nilichimba kwa ruta upande wa chini, kidogo kidogo, hadi ikabaki mbao ya kama milimita 6 pale linapokaa bamba la joistiki. (Vaa barakoa. Vumbi la MDF halina adabu.) Usikazie macho kina cha shimo, pima urefu unaobaki juu, kuanzia uso wa paneli hadi chini ya kirungu. Mimi milimita 24 hivi ndizo zinanikaa mkononi. Na kumbuka kuhesabu kila kitakacholala juu ya mbao: nilitaka picha iliyofunikwa kwa akriliki ya milimita 3, na hizo 3 nazo zinakula shafti. Kwa hiyo akriliki ikiwa sehemu ya mpango, chimba zaidi au ukubali kirungu kishuke.

Tundu la shafti nilitoboa la milimita 24. Kabla ya kukaza chochote, shika shafti uizungushe polepole ukipita kona zote, huku umeinamisha sikio. Unatakiwa usikie mlio wa swichi peke yake. Ukisikia mkwaruzo, shafti inagusa ukingo wa mbao, piga msasa. Ile washa nyeusi ya plastiki inayokuja nayo hufunika tundu lote, hivyo ukingo usipokuwa mzuri hakuna atakayeuona.

Kufunga kwenyewe: skrubu za mbao ndani ya milimita 6 za MDF ni kujidanganya, zitalegea tu. Nilipitisha bolti za M4 kutoka juu, vichwa bapa vikazama ndani ya mbao, chini nikaweka nati zenye pete ya plastiki ili mtikisiko usizifungue. Picha ikaficha vichwa vyote. Kirungu hutoka kirahisi: chini ya shafti kuna mfereji wa bisibisi bapa, ushikilie hapo huku unakizungusha kirungu.

Waya ni tano, moja ya pamoja na nne za pande. Ukiigeuza joistiki ili plagi isigongane na vitufe, juu inaweza kuwa kulia. Hakuna haja ya kufungua bolti, badilisha nyaya kwenye saketi ya USB, ile inayounganisha joistiki na kompyuta, basi.

Kwa wanaofikiria paneli ya watu wanne, naomba jambo moja: joistiki za pembeni zisigeuzwe zimfuate mchezaji anavyosimama. Juu ya joistiki iwe ni juu ya skrini. Vitufe vipange upendavyo, mkono utavizoea, lakini ukimgeuzia mtu mwelekeo wenyewe, kwenye gemu ya njia nyembamba atagonga kuta tangu mwanzo hadi mwisho na kukulaumu wewe.

Sasa lile ambalo watu wanabishania: geti, yaani kipande cha chini chenye tundu linaloweka mipaka ya shafti inakoweza kufika. JLF huja na geti ya mraba, ambayo kona zake hukupa mishazari ya uhakika. Wengine huiona inakwaruza mkono wanapozungusha nusu duara, na kwa gemu za ndege na za kale nami nakubaliana nao kidogo. Geti ya pembe nane huuzwa peke yake na hubandikwa kwa chini bila kugusa bolti za paneli. Nimeiweka kwenye joistiki yangu ya kushoto. Ya kulia nimeiacha na mraba, maana anayekaa upande huo ni wa gemu za kupigana tu na hataki hata kuisikia ya pembe nane.