Klika ya kumfunzia mtoto wa mbwa michezo: uzoefu wangu

Klika ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kibati cha chuma ndani. Ukiibonyeza inalia "klik-klak", basi. Nilinunua yangu kwa ajili ya Chui, mtoto wangu wa mbwa, nikitaka tucheze ndani ya nyumba michezo inayomfikirisha kuliko kukimbizana na mpira. Nimeitumia vya kutosha kusema hivi: kwa michezo inayojengwa kidogo kidogo, sijapata kifaa kinachoishinda.

Nguvu yake iko kwenye wakati. Mtoto wa mbwa hatulii. Akiinua mguu, kabla hujaingiza mkono mfukoni ameshaushusha na kuanza kunusa zulia, na kitafunwa utakachompa hapo kinamlipa kwa kunusa zulia. Mlio unalidaka tendo lenyewe, kitafunwa kinafuata nyuma yake. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner huko Marekani, walitumia sauti kwa namna hii tangu miaka ya 1940. Karen Pryor alifunza pomboo kwa filimbi katika miaka ya 1960, kisha akawa miongoni mwa walioifikisha njia hiyo kwa wenye mbwa. Pomboo akiruka katikati ya maji huwezi kumpa samaki papo hapo, lakini filimbi inamfikia.

Mwanzoni mlio hauna maana yoyote kwa mbwa. Unabonyeza, unampa kipande, unabonyeza, unampa. Ukiona akisikia tu anageuka kuutafuta mkono wako, ameelewa, mnaweza kuanza.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kutoa mkono. Nilificha kitafunwa ndani ya ngumi nikaishusha mbele yake. Alinusa, akalamba, akasukuma kwa pua, nikanyamaza. Mwishowe akaikwaruza kwa mguu, nikabonyeza na kumfungulia. Raha yake ni kwamba amelitafuta jibu mwenyewe, hakuna aliyemshika mguu kumlazimisha. Alipokuwa anatoa mguu kila mara, nikaweka kiganja kitupu badala ya ngumi, kisha nikaongeza neno "salamu". Neno lije mwisho, tendo likiwa limeshakaa. Ukiliwahisha, mbwa analizoea kama kelele nyingine za nyumbani.

Kuzunguka au kulala chini hakuhitaji klika. Unamwongoza kwa kitafunwa mbele ya pua, naye anafuata. Kitoe tu chakula mkononi mapema, la sivyo atafuata chakula na si ishara ya mkono wako.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni mlio wenyewe: ni mkali, na Chui alishtuka. Nikaanza kuibonyezea mfukoni, baadaye nikaitoa alipozoea. Usiibonyeze kamwe karibu na sikio lake. Ya pili, mkono mmoja una klika, mwingine vitafunwa, na mwanafunzi anaruka miguuni pako. Inayofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono inasaidia sana. Ya tatu, ni plastiki, na mtoto wa mbwa anayebadilisha meno anatafuna chochote. Ukimaliza, iweke juu.

Vitafunwa viwe vidogo mno, uvitoe kwenye chakula chake cha siku. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu na chochote chenye zailitoli (kitu kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake. Dakika chache zinatosha kila mara, na acha wakati bado anataka. Michezo ya kuruka juu na kusimama kwa miguu ya nyuma isubiri mifupa ikomae. Kwa mbwa wa aina kubwa hilo linaweza kuchukua hata mwaka na nusu. Mbwa kiziwi huhitaji ishara ya kuonekana badala ya mlio, kwa mfano kuinua kidole gumba.

Sasa tunajenga mchezo wa kuokota vitu vyake vya kuchezea na kuvitia kapuni. Kuokota ameshajua. Kuachia juu ya kapu ndiko kunakotupa kazi, na hapo ndipo ninapoitegemea klika hasa: kinywa kikifunguka tu mahali panapotakiwa, nabonyeza.