Sindano sawa, tangazo ovyo: kampeni ya chanjo ya Julai 2025 nilivyoiona Kayole, Nairobi

Nilikuwa na watoto watatu wa kupeleka, wa miaka miwili, saba na kumi na mitatu. Kampeni iliendeshwa tarehe 5 hadi 14 Julai, Kenya nzima, na chanjo zilikuwa mbili. Ile ya surua na rubela ilikuwa ya watoto wa miezi 9 hadi 59, yaani ambao hawajafika miaka mitano. Ya homa ya matumbo, hii taifodi yetu, ilianzia miezi 9 hiyo hiyo lakini ikapanda hadi miaka 14. Zote bure.

Ukisoma hivyo polepole unaelewa. Sisi hatukusoma. Tulisikia gari la spika likipita kuelekea Masimba, muziki juu, likisema watoto wote walio chini ya miaka kumi na mitano wapelekwe wakachanjwe surua na taifodi. Basi kituoni kila mama wa mtoto wa shule akiambiwa wake atachomwa moja tu, anaona amenyimwa. Mmoja aliuliza kwa sauti kama hiyo nyingine wamewekewa watoto wa wakubwa. Sista alikuwa anaeleza jambo lile lile kwa kila mtu, mmoja mmoja, huku foleni ikifika hadi kwa muuza viazi. Hatimaye mhudumu wa afya ya jamii wa ploti zetu alichukua karatasi ya manila, akaandika umri na chanjo kwa kalamu nene, akaibandika mlangoni. Kelele zikaisha. Najiuliza kwa nini karatasi kama ile haikutoka wizarani ikiwa tayari imechapishwa, ikabandikwa kwa kila duka la M-Pesa wiki mbili kabla.

Jambo la pili halikuelezwa kabisa. Mtoto wangu mdogo ana kijitabu cha kliniki kilichojaa: surua alichanjwa akiwa na miezi 9, akarudia ya miezi 18. Sasa anachanjwa tena ya nini? Kumbe kampeni humchanja kila mtoto wa umri ule, awe amechanjwa au la. Dozi ya miezi 9 huwakinga watoto kama 85 katika kila 100, na wako wengi ambao ya pili hawakuirudia. Mwenye kinga tayari haimdhuru. Maelezo hayo ni ya nusu dakika tu, na yangezima maneno mengi, kwa sababu kimya hapa mjini hujazwa upesi. Wanawake wa rika langu wanakumbuka mvutano wa 2014, maaskofu wa Kikatoliki walipodai chanjo ya pepopunda ina kitu cha kuzuia uzazi, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Ukimwambia mtu wa aina hiyo "leta mtoto, ni bure" ukanyamaza, atabaki nyumbani. Jirani mmoja alisikia kwamba chanjo ya taifodi inajaribiwa kwa watoto wetu. Shirika hilo hilo liliipendekeza tangu 2018, na Pakistan walikuwa wakiwachanja watoto wao kuanzia 2019. Nilimwambia hivyo mimi, fundi wa cherehani, ilhali kulikuwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Na taifodi Kayole si hadithi. Maji tunanunua kwa mtungi, mfereji wa maji taka ukipasuka unapasukia njiani, na ukiumwa kichwa na tumbo siku mbili kemisti anakuwekea dawa za taifodi hata kabla hujaketi. Chanjo hii ilipaswa kujiuza yenyewe.

Huduma ya sindano naipa nyota nne. Sindano mpya ilifunguliwa mbele yangu, kidole kikapakwa wino, mtoto akaambiwa pole. Mdogo alipata homa ya usiku mmoja, jambo tuliloonywa tulitarajie.

Kwa usawa nasita. Jumatatu ya tarehe 7 ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano, barabara zilifungwa, matatu hakuna. Sisi tuliokuwa karibu na kituo tulisubiri kesho yake. Anayeishi mbali, au anayelipwa kwa siku kule Industrial Area, alipoteza siku asiyo nayo. Shule ya serikali anakosoma mtoto wangu mkubwa walifikiwa darasani. Shule ya mabati ya yule wa pili haikuona mtu, ndiyo maana nikampanga foleni mwenyewe. Watoto wa shule hizo ndio wanaokunywa maji yale ya mtungi! Kituo nacho kilifungwa alasiri mapema, kabla mjengo haujatoa watu.

Taifodi sasa imeingia kwenye ratiba ya kawaida, mtoto akifika miezi 9. Wachanga wana siku yao. Lakini wa miaka kumi aliyekosa Julai hayumo kwenye ratiba hiyo. Jirani yangu, yeye ni mlinzi wa usiku na hulala mchana, ana wawili wa umri huo, na bado ananiuliza awapeleke wapi.