Kulainisha Bunduki ya Upepo ya Springi Nyumbani: Tathmini ya Seti ya Vipuri vya Weihrauch HW97K

Weihrauch HW97K ni bunduki ya upepo ya springi na pistoni, yenye wenzo wa kukokia uliolala chini ya mtutu, na kwa wapiga shabaha wa Uingereza ni miongoni mwa zile zinazotajwa kwanza mtu anapouliza anunue ipi. Ninaitumia katika klabu ya shabaha huku Uingereza, na hivi karibuni niliifungua mezani kwangu nikaitia seti ya vipuri inayouzwa na karakana ndogo ya ukerezaji, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu. Ndani ya pakiti mlikuwa na springi mpya, fimbo ya kuongozea springi iliyokerezwa kwa plastiki ngumu aina ya delrini, kofia ya plastiki hiyohiyo inayokaa ndani ya pistoni, sili mpya ya pistoni (kizibo kinachozuia hewa isipite pembeni mwake), washa mbili nyembamba (pete bapa za chuma), na vikopo viwili vya grisi. Kwa maoni yangu, kilichoibadilisha bunduki hii ni ile fimbo pamoja na kofia yake. Mengine mengi yaliyoleta ulaini ni kazi ya mikono, ambayo hakuna karakana inayoweza kuiuza ndani ya pakiti.

Thamani ya vipuri hivi haieleweki bila kujua yanayotokea ndani ya bunduki. Ukikoki, wenzo huirudisha pistoni nyuma na kuibana springi mpaka pistoni inaswe na kifyatuo. Ukifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa nguvu, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto, na shinikizo hilo ndilo linaloisukuma risasi mtutuni. Bunduki ya hewa iliyojazwa kwa pampu haina kitu kizito kinachotembea ndani yake, lakini hii ya springi hupiga teke mara mbili: hurudi nyuma kwanza pistoni inapoondoka, kisha husukumwa mbele pistoni inapokaribia mwisho wa silinda na kusimamishwa na hewa iliyobanwa. Mitikisiko hiyo huanza risasi ikiwa bado haijatoka, na ndiyo maana bunduki za aina hii humtaka mpigaji azishike vilevile kila mara, na ndiyo maana pia darubini isiyotengenezwa kwa ajili yake huharibika upesi, hata kama ingestahimili teke la bunduki kubwa ya baruti.

Juu ya mateke hayo kuna mtetemo, na huu ndio ugonjwa hasa ambao seti hii imekusudiwa kuutibu. Sehemu za bunduki zinapotengenezwa kwa maelfu, katika kiwanda chochote kile, lazima ziingiane bila kuchaguliwa moja moja, kwa hiyo kati ya springi na fimbo iliyo ndani yake huachwa nafasi kidogo. Springi inapoachiwa ghafla hujipinda ndani ya nafasi hiyo, hugonga fimbo, hugonga ukuta wa pistoni, na mpigaji husikia chuma kikivuma mpaka kwenye shavu lililoegemea kitako. Mvumo huo haupunguzi nguvu nyingi za risasi. Unachopunguza ni utulivu wa mpigaji, ambaye baada ya muda huanza kukaza bega kabla ya kufyatua.

Kabla ya bisibisi huja sheria. Katika Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haipaswi kuirusha risasi kwa nguvu inayozidi futi-pauni 12, sawa na takriban jouli 16.3, na ikizidi hapo huhesabiwa kuwa silaha inayohitaji cheti, hata kama mwenyewe hakukusudia. Uskoti inataka cheti hata kwa bunduki zilizo chini ya kiwango hicho, tangu mwisho wa mwaka 2016. Ujerumani, ambako Weihrauch ilianzishwa mwaka 1899 na ambako leo hutengeneza bunduki zake katika mji wa Mellrichstadt, Bavaria, kiwango cha bunduki zinazouzwa bila kibali ni jouli 7.5, na huonekana kwa herufi F iliyochorwa ndani ya umbo la pembe tano. Mswahili anayeishi Ujerumani akiagiza seti ya Kiingereza na kuitia katika bunduki ya aina hiyo atakuwa amevunja sheria kwa springi tu. Kwa walioko Afrika Mashariki, bunduki ya upepo si kitu cha kununua kwanza na kuuliza baadaye. Ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni za silaha ndiyo mahali pa kuanzia.

Kufungua HW97K si kazi ngumu kwa mtu mwenye jiliwa na subira. Bunduki haijakokiwa, haina risasi, na imeangaliwa mara mbili. Kisha skrubu za kitako hutolewa na chuma chote hutoka kwenye mbao. Kifyatuo, ambacho kiwanda hicho hukiita Rekord na kimekuwa kikitumiwa tangu miaka ya 1950, ni kisanduku kinachojitegemea, kilichoshikwa na pini mbili. Hapa pana jambo ambalo karatasi ya maelekezo ya seti haikulitaja hata kidogo, nami naliona kosa kubwa kwa kitu kinachouzwa kwa watu wanaofungua bunduki kwa mara ya kwanza: ukiondoa kifyatuo, kitufe cha usalama pamoja na kispringi chake chembamba huwa huru, na kikiruka kikaingia chini ya kabati, kazi imesimama. Funika upande ule kwa kidole gumba, au fanya kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha. Karatasi haikusema pia kwamba wakati wa kurudisha, Rekord hutakiwa iwe imekokiwa kwanza kabla ya kuingizwa mahali pake. Asiyejua hilo atahangaika na pini jioni nzima.

Kizibo cha nyuma kina nyuzi na hufunguliwa kwa kuzungushwa, lakini springi inakisukuma kwa nyuma muda wote. Kishike kwa kibanio kirefu cha skrubu, na usimame pembeni, kamwe si nyuma yake. Tahadhari nyingine ni ya siku zote, hata baada ya bunduki kufungwa: silinda ya HW97K husogea wakati wa kukoki na kuacha tundu la kutilia risasi, na anayetia kidole humo bila kuushika wenzo kwa mkono wa pili anakihatarisha kidole hicho.

Sasa nije kwenye vipuri vyenyewe. Fimbo ya kuongozea imekerezwa kwa ustadi ambao sina budi kuusifia. Springi haikuingia kwa kudondoshwa. Nililazimika kuisukuma huku nikiizungusha kufuata mkondo wa waya wake, na ilipofika mwisho ikakaa palepale, sikuweza kuitikisa pembeni hata kidogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Springi inapobanwa, koili zake hupanuka kidogo na kuiachia fimbo nafasi ya kuteleza. Inapoachiwa na kurefuka, hurudi kuishika fimbo na mvumo hufa papo hapo. Kofia ya mbele hufanya kazi ileile upande wa pistoni, na kwa kuwa ni nyepesi haiongezi uzito mwingi kwa kitu kinachokwenda mbele kwa kasi.

Springi yenyewe sikuifurahia vivyo hivyo. Chuma chake ni kizuri na ilikuja imenyooka, lakini ncha moja ilikuwa imekatwa na kuachwa na ukingo wa kukwaruza, na kama ningeitia hivyo ingeisaga washa na kuacha unga wa chuma ndani ya grisi. Niliilainisha kwa msasa mzuri uliolazwa juu ya kioo, nikaiosha, ndipo nikaitia. Washa nazo zilihitaji kuondolewa makali ya pembeni. Kwa bei ya seti, ambayo ni kubwa kuliko ya springi na sili za kiwandani zikinunuliwa pamoja, kazi hizo zilipaswa kufanywa karakanani.

Sili ni sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote. Ikiwa kubwa mno, msuguano huila nguvu ya springi. Ikiwa ndogo, hewa hupita pembeni na pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa kishindo. Ile ya seti ilikuja kubwa kidogo kwa makusudi, ili kila mtu aipunguze kulingana na silinda yake. Niliipunguza kwa msasa, nikiizungusha polepole na kuijaribu kila mara, mpaka pistoni isiyo na springi ikawa inasukumika kwa kidole gumba, kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho wa silinda. Kabla ya kuipitisha nilipapasa kingo za mianya ya chuma ambamo sili lazima ipite. Ukingo mmoja ulikuwa mkali kiasi cha kukwaruza ukucha, nikaulainisha kwa tupa ndogo ya mviringo kisha msasa. Sili mpya hukatwa na ukingo wa namna hiyo siku ileile inapoingizwa, na mwenyewe hulaumu sili.

Kuhusu grisi natofautiana kabisa na karatasi ya maelekezo. Kopo la kwanza lilikuwa na grisi ya molibdenamu, nzuri sana kwa chuma kinachosuguana na chuma. Niliipaka pembeni mwa pistoni na ukutani mwa silinda, kisha nikaifuta mpaka ikabaki rangi tu. Kopo la pili lilikuwa na grisi nyeusi nzito ya kuua mtetemo, na karatasi inamwambia mnunuzi aipake springi nzima. Fimbo ikishakaza vizuri, grisi hiyo haina mvumo wa kuua. Inachofanya ni kuipunguza kasi pistoni, na asubuhi ya baridi ya huku, grisi ikiganda zaidi, risasi hushuka chini ya shabaha. Nilipaka utando mwembamba sana upande wa nje wa springi, basi. Jambo la kuogopwa zaidi ni mafuta kufika mbele ya sili: hewa iliyobanwa ina joto la kutosha kuuwasha mvuke wake, kama inavyowaka dizeli ndani ya injini, na mlipuko huo huunguza sili, huvunja springi, na kwa muda huipa bunduki nguvu isiyo halali. Moshi mtutuni katika risasi chache za kwanza ni kawaida. Ukiendelea, fungua ufute.

Matokeo hayapimwi kwa hisia tu. Bila kronografu, chombo kinachopima kasi ya risasi, nadhani ni afadhali mtu asianze kazi hii kabisa. Nguvu kwa jouli ni nusu ya uzito wa risasi kwa kilo ukizidishwa kwa kasi mara kasi. Risasi ya JSB Exact ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547 hufikia kiwango cha sheria inapokaribia mita 244 kwa sekunde. Bunduki yangu sasa huirusha kwa takriban mita 234, yaani karibu jouli 15, chini kidogo ya ilivyokuwa kabla ya kufunguliwa. Naona hiyo ni kasi inayofaa. Wauzaji wengi wa seti hujisifia kasi, lakini kuikimbiza bunduki ya springi hadi ukingoni mwa sheria hurudisha teke lote ambalo umegharimia kuliondoa. Mpimaji apime pia risasi nyepesi, kwa kuwa mara nyingi hizo ndizo zinazotoa nguvu nyingi katika bunduki za aina hii, na apime tena baada ya sili kuzoea silinda, kwa maana kasi inaweza kupanda.

Na ulaini? Mvumo umekwisha. Ukifyatua, husikika mgoto mmoja mfupi, na alama ya darubini hutikisika kisha hurudi karibu na ilipokuwa, hata jicho likaweza kuiona risasi ikiangusha shabaha ya chuma mwisho wa uwanja. Teke bado lipo, na litaendelea kuwapo maadamu pistoni ina uzito, lakini sasa ni lilelile kila mara. Kifyatuo sikukigusa ila skrubu ile kubwa iliyo ndani ya pete inayokikinga, ambayo hurekebisha uzito wa mvuto. Rekord haihitaji zaidi, na wanaogeuza skrubu zake zote hufikia mahali ambapo bunduki si salama kukokiwa.

Kwa hiyo naipendekeza seti hii kwa mtu mwenye jiliwa, msasa na kronografu, anayejua kwamba maelekezo yake hayatoshi na kwamba springi itahitaji kuguswa kabla ya kuingizwa. Kwa mwenye bunduki ambayo springi na sili zake bado ni nzima, ningemshauri aache seti na anunue fimbo na kofia peke yake, kwa kuwa karakana huviuza pia peke yake, mradi aipime springi yake mwenyewe kwa vernia, kipimo cha vipenyo vidogo, ili fimbo iikae sawasawa, kabla ya kuagiza. Baada ya kufunga, darubini lazima ilengeshwe upya, kwani mahali risasi inapopiga hubadilika, na skrubu za kitako zikazwe tena baada ya kopo la kwanza la risasi.